Nani Alimsomesha Mwinjilisti wa Nyanda za Juu?

Ibada ikiisha katika usharika wa kijijini mkoani Iringa, waumini hawatawanyiki. Wanatoka nje na mnada unaanza: debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mayai matatu kwenye bakuli. Aliyeyanunua mayai akijisikia, anayarudisha yauzwe tena. Fedha ya namna hiyo ndiyo inayoendesha usharika, na humo humo ndimo inamotoka ada ya kijana anayetumwa chuoni. Piga hesabu ya mayai yanayotosha kumweka mtu bwenini mwaka mzima, utaona kwa nini makanisa ya huku yamehangaika kwa zaidi ya karne moja na swali lile lile: kiongozi asomeshwe vipi bila shamba lake kubaki pori?

Mwaka 1891 walifika Unyakyusa wamisionari wa makundi mawili ya Kijerumani. Walutheri wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, wakajenga Rungwe. Kadiri kazi ilivyopanuka walihitaji walimu wenyeji, nao Walutheri wakaanzisha shule ya kuwaandaa huko Kidugala, Ubena. Mwalimu wa enzi hizo alikuwa kila kitu: asubuhi anafundisha watoto kusoma, jioni anaongoza sala, na katikati analima, maana posho ilikuwa ndogo.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha thamani ya walimu hao. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka Nyasaland, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusimamia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Aliyebaki kijijini akiomba, akizika na kufundisha ni mwalimu mwenyeji. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta makanisa yako hai. Vita ya pili ikawaondoa tena, na kazi ya Walutheri ikasaidiwa na Waswidi. Kwangu mimi, miaka ile migumu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko waraka wowote wa sinodi kwamba kanisa la huku halikusimama kwa wasomi wa mbali.

Hata hivyo elimu ya juu ilihitajika, na ikawekwa mbali. Shule ya theolojia ya Walutheri ilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, ikahamia Makumira, karibu na Arusha, mwaka 1954. Kwa mtu wa Njombe au Tukuyu hiyo ni safari ya kuvuka nchi. Ada ilikuwa sehemu tu ya gharama. Mwanafunzi mwenye familia ama aliiacha au aliibeba, na kwa vyovyote msimu wa kilimo ulimpita.

Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliamua kuwafuata wanafunzi walipo, kwa kuwa wazee waliokuwa tayari wanaongoza makanisa hawakuweza kuhamia shuleni. Mtindo huo ulisambaa duniani, na kwetu ukaitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Mwinjilisti anapewa kitabu cha Kiswahili, anasoma aya chache, anajibu swali, anajisahihisha, kesho anaendelea. Kwa siku iliyopangwa anakutana na wenzake na mwalimu kituoni. Hakuna bweni wala mpishi wa kulipwa. Udhaifu wake upo wazi: mwalimu akikosa nauli kituo kinalala, na mwanafunzi wa peke yake hukata tamaa upesi.

Wakati huo huo makanisa yalijenga vyuo nyumbani. Chuo cha theolojia cha Wamoravian mjini Mbeya kilizaa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kinachobeba jina la askofu wa kwanza mwenyeji wa Moravian nchini. Iringa, Walutheri walianzisha chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini miaka ya 1990, nacho kikawa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013. Umbali ukapungua. Lakini chuo kikuu kina mishahara ya kulipa, na wanaojaza madarasa ni wanaotaka ualimu na biashara. Misaada ya marafiki wa nje, kama ushirikiano wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa Minnesota tangu 1987, imesomesha wengi, ila msaada hauwezi kuwa bajeti ya kudumu.

Bado mchungaji mmoja anahudumia mitaa kadhaa, na huko mitaani anayehubiri Jumapili nyingi ni mwinjilisti. Wazee wa kanisa, mnapokaa kupanga makisio ya mwaka ujao, kabla ya kupitisha bati na kinanda kipya, tengeni kwanza fungu la vitabu vyake na nauli ya mwalimu wake.