Karo ya Mgeni: Shule za Uuguzi na Mipaka ya Majimbo ya Marekani

Vyuo vya umma vya Marekani hutoza karo ya viwango viwili kulingana na maskani ya mwanafunzi: mkazi wa jimbo hulipa kiwango cha chini, kwa hoja kwamba jimbo limekwisha kukichangia chuo kwa kodi za wakazi wake, na aliyetoka jimbo jingine hulipa karo ya mgeni, ambayo mara nyingi huwa maradufu ya ile ya mkazi au zaidi. Kwa mtu aliyehama na kutaka kuanza masomo ya uuguzi mara tu baada ya kufika, tofauti hiyo ndiyo huamua aanze lini na wapi. Haikuwa hivyo tangu zamani. Hali hiyo imetokana na historia mbili, ya mafunzo ya wauguzi na ya sheria ya ukaazi, ambazo zilikwenda kila moja njia yake hadi zikakutana katikati ya karne ya 20.

Mwaka 1873 zilifunguliwa shule tatu zilizofuata mfumo wa Florence Nightingale, yaani Bellevue katika jiji la New York, nyingine New Haven na ya tatu Boston. Katika shule hizo, na katika mamia yaliyofuata, jimbo alikotoka mwanafunzi halikuwa na uzito, kwa kuwa hospitali haikutarajia fedha zake bali nguvu zake. Mwanafunzi alitandika vitanda, akawaogesha wagonjwa, akasafisha wodi na kukesha zamu za usiku, naye akapewa malazi, chakula na posho ndogo ya mwezi. Mfumo huo usisifiwe kupita kiasi, maana mihadhara ilitolewa kwa wasichana waliokwisha kuchoshwa na zamu ndefu, na hospitali nyingi zilianzisha shule kwa sababu zilihitaji wafanyakazi wa gharama ndogo kuliko zilivyohitaji wahitimu.

Ukosoaji wa mfumo huo ndio uliousogeza uuguzi kuelekea vyuoni. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shule yake mwaka 1909, na mwaka 1923 ripoti iliyoandikwa na Josephine Goldmark ilipendekeza mafunzo yatenganishwe na mahitaji ya kazi za hospitali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya shirikisho ilibeba mzigo yenyewe: kuanzia mwaka 1943 Kikosi cha Wauguzi Wanafunzi kiliwalipia wanafunzi karo, vitabu, sare ya kijivu na posho, na wahitimu zaidi ya 120,000 wakapatikana bila kujali mipaka ya majimbo. Mpango huo ulikoma baada ya vita. Mwaka 1952, kutokana na hoja za Mildred Montag, yalianza majaribio ya kuwafunza wauguzi kwa takriban miaka miwili katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya ngazi ya chini vinavyogharimiwa na kodi za wilaya na jimbo. Majaribio yalifaulu, shule za hospitali zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine, na anayetaka kuwa muuguzi akajikuta mbele ya dirisha la msajili anayeuliza anwani.

Swali hilo la anwani lilikuwa na msingi wa kisheria tayari. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya California ilikubali kwamba chuo kikuu cha jimbo kinaweza kuwatoza wageni ada ya ziada. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kanuni zilizowalazimu wahamiaji kungoja mwaka mzima kabla ya kupewa msaada wa ustawi wa jamii, na baadhi ya wanafunzi wakatumaini kwamba karo nayo ingefuata mkondo huo. Tumaini hilo lilizimwa Minnesota, ambako mahakama ya shirikisho iliamua mwaka 1970 kwamba kungoja mwaka mmoja ni halali, na uamuzi huo ukathibitishwa mwaka 1971.

Kesi ya Connecticut, iliyoamuliwa mwaka 1973 kwa jina la Vlandis dhidi ya Kline, inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Margaret Kline alikuwa ametoka California, akaolewa na mkazi wa Connecticut, akawa na leseni ya udereva ya jimbo hilo, akasajili gari lake na kujiandikisha kupiga kura humo. Hata hivyo sheria ilimhesabu mgeni kwa muda wote wa masomo, kwa sababu tu anwani yake ilikuwa California siku alipoomba nafasi. Katika muhula mmoja alitakiwa kulipa dola 625 ilhali mkazi alilipa dola 175. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba jimbo haliwezi kumfunga mtu katika ugeni bila kumpa nafasi ya kuthibitisha vinginevyo, lakini haikuondoa haki ya jimbo kudai uthibitisho huo.

Hapo ndipo ilipozaliwa hesabu ya leo. Majimbo mengi hudai miezi 12 ya makazi pamoja na ushahidi wa kodi ya mapato, leseni ya udereva na mkataba wa nyumba, na humshuku anayesoma kwa muda wote katika mwaka huo kuwa amekuja kwa ajili ya shule tu. Anayengoja hupoteza mwaka wa mshahara wa muuguzi. Anayelipa karo ya mgeni hujitwisha deni. Anayekwenda chuo binafsi hatozwi kwa ukaazi, lakini bei yenyewe huwa kubwa kwa wote. Njia yenye busara zaidi kwa wengi ni kufanya kazi mwaka huo, pengine kama msaidizi wa muuguzi, jinsi wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki walivyofanya, huku wakichukua anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia jioni, somo mojamoja, baada ya kuhakikisha kwamba shule wanayoilenga itayatambua. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hana njia hiyo, kwa kuwa viza yenyewe humtangaza kuwa mpita njia, tofauti na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu.

La ajabu ni kwamba taaluma yenyewe imekwisha kuvuka mipaka hiyo. Mkataba wa leseni za wauguzi ulioanza kutumika mwaka 2000 sasa unaunganisha majimbo yapatayo 40, hivyo muuguzi wa Texas anaweza kuwahudumia wagonjwa wa Arizona kwa leseni ileile, ilhali binti yake akienda peke yake kusomea uuguzi huko atatozwa karo ya mgeni.