Maana ya Ufanisi wa Chanjo

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2020, wakati maradhi ambayo Tanzania yaliandikwa UVIKO-19 na mitaani yakaitwa korona yalipokuwa yameenea pande zote za dunia, ilitangazwa kwamba chanjo iliyotengenezwa na Pfizer na BioNTech ilikuwa na ufanisi wa asilimia 95. Habari ilikuwa njema na hesabu ilikuwa sahihi, lakini neno lililoibeba hesabu hiyo aghalabu halikufafanuliwa, na neno lisipofafanuliwa kila msikilizaji hulipa maana aiwezayo: wako waliodhani kwamba katika kila watu 100 watakaochanjwa, 5 hawana budi kuugua, wako waliodhani kwamba mwili wa kila aliyechanjwa umekingwa sehemu 95 na kuachwa wazi sehemu 5, na wako waliodhani kwamba watu 5 katika 100 watadhurika kwa sindano yenyewe. Maana zote tatu si za kweli, na ya tatu ina madhara kuliko zote.

Ufanisi ni neno la asili, nalo latokana na kitenzi kufana. Harusi hufana, maulidi hufana, biashara hufana. Na jambo lililofana huwa limetimia kwa namna ya kupendeza, wala halikubakia nusu. Kwa wazee wetu ufanisi ulikuwa neema na kustawi kwa mambo ya mtu. Neno hili lilipochukuliwa kutumika katika tiba lilikuja na maana yake ya utimilifu, ndiyo sababu sikio la Mswahili likisikia ufanisi wa asilimia 95 huitafuta mara moja ile 5 iliyopungua na kuihesabu kuwa ni kushindwa, ilhali mtafiti aliyeitaja hesabu hiyo hakuwa akinena juu ya kutimia wala kushindwa, bali alikuwa akilinganisha makundi mawili ya watu.

Ulinganisho wenyewe ulikuwa hivi. Watu zaidi ya 43,000 walijitolea katika nchi kadhaa, miongoni mwake Marekani, Argentina, Brazili na Afrika Kusini, wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi moja likapewa chanjo, la pili likachomwa sindano ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, na si aliyechomwa wala si mtafiti aliyemfuatilia baadaye aliyejua ni ipi iliyoingia mkononi. Kisha wote wakarudi kwenye shughuli zao, sokoni, kazini na nyumbani, wakikutana na maradhi kama wakutanavyo watu wengine. Watafiti walipowahesabu walioanza kuugua tangu siku ya saba baada ya dozi ya pili walipata wagonjwa 170, nao 162 walikuwa wa kundi la maji ya chumvi, na 8 walikuwa wa kundi la chanjo. Maadamu makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi, lau chanjo isingekuwa na faida yoyote tungetazamia wagonjwa wa kundi lake nao wawe kiasi cha 162, wamekuwa 8, waliopungua ni 154, na 154 ukizigawa kwa 162 hupata asilimia 95. Hiyo ndiyo asilimia iliyotangazwa. Haielezi ni watu wangapi wataugua, kwani hilo hutegemea maradhi yamezagaa kiasi gani mahali penyewe; na katika jaribio hilo waliochanjwa wakaugua hawakufikia hata mmoja katika kila watu 2,000.

Kanuni hii ya hesabu ina umri mkubwa kuliko korona. Mwaka 1915 wanatakwimu wawili wa Uingereza, Major Greenwood na Udny Yule, waliieleza walipokuwa wakichunguza takwimu za chanjo za homa ya matumbo na kipindupindu, nao waliiwekea masharti ambayo hata leo hayajachakaa: kwamba waliochanjwa na wasiochanjwa wawe watu wa hali moja katika mambo yote yenye uzito, na kwamba wote wawe wamekabiliwa na hatari ya maradhi kwa kadiri ileile. Masharti hayo hutimizwa katika jaribio, kwa kuwa jaribio limejengwa ili yatimizwe. Nje ya jaribio ni nadra kutimia. Chanjo ile ya Pfizer ilihitaji kutunzwa katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na popote mnyororo baridi ulipokatika, iwe ni katika ghala, katika gari au katika zahanati isiyo na umeme wa kuaminika, nguvu ya dawa ilikuwa hatarini kupungua kabla haijamfikia mtu. Fauka ya hayo, wazee na wagonjwa wa muda mrefu hujibu chanjo tofauti na vijana. Wako wapatao dozi ya kwanza wasirudi kwa ya pili. Kinga hupungua kadiri miezi inavyopita. Na kirusi chenyewe hubadilika.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameyatenga mambo mawili ambayo sisi tumeyaita kwa jina moja. La kwanza ni faida ya chanjo iliyopimwa katika jaribio lenye masharti. La pili ni faida yake inapotumiwa na umma kama umma ulivyo, pamoja na mapungufu yote ya safari ya dawa kutoka kiwandani hadi begani. Katika maandishi ya Kiswahili yote mawili yamekuwa yakiitwa ufanisi, na mara nyingine yameitwa ubora, uwezo au nguvu. Ubora sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa humpeleka msomaji kwenye usafi wa utengenezaji, na chanjo bora kwa utengenezaji yaweza kuwa na kinga ndogo mbele ya kirusi kilichobadilika. Uwezo na nguvu si maneno mabaya, ila hayana mpaka. Rai yangu ni kwamba ufanisi ubaki, maana umekwisha enea na watu wameuzoea, lakini usiachwe peke yake: tuseme ufanisi wa majaribio kwa lile la kwanza, na ufanisi wa matumizi kwa la pili. Wako watakaopendelea istilahi ya neno moja kwa kila maana; mimi naona heri maneno mawili yanayojieleza kuliko neno moja jipya litakalohitaji kuelezwa kila litajwapo.

Tofauti hii iliwagusa watu kwa dhati. Mwanzoni mwa Februari 2021 Afrika Kusini ilipokea dozi milioni moja za chanjo ya AstraZeneca kutoka India, na kabla hazijachomwa ikasitisha matumizi yake, baada ya jaribio lililofanywa nchini humo kwa watu wapatao 2,000, wengi wao vijana, kuonyesha kwamba chanjo hiyo ilizuia kwa uchache sana ugonjwa mwepesi na wa wastani uliotokana na aina mpya ya kirusi iliyokuwa imetawala huko. Jaribio lile lilikuwa dogo mno kuweza kusema lolote la yakini mintarafu ya ugonjwa mkali na kifo, yaani mambo ambayo mtu huyaogopa kuliko homa na kikohozi. Ni dhahiri basi kwamba kuutaja ufanisi bila kutaja ni dhidi ya nini ni kusema nusu ya neno.

Mfano wa pili ni wa mji mdogo wa pwani wa Provincetown, katika jimbo la Massachusetts, ambako watu walimiminika kwa sherehe za kiangazi mwezi Julai 2021. Baada ya mkusanyiko huo waligunduliwa wagonjwa 469 miongoni mwa wakazi wa jimbo, na 346 kati yao, karibu robo tatu, walikuwa wamekamilisha chanjo. Taarifa ilipotoka wengi walihukumu kwamba chanjo haina kazi. Hawakuuliza ni wangapi miongoni mwa wakazi waliokuwa wamechanjwa, nao walikuwa takriban asilimia 69 ya waliostahiki. Wala hawakusoma kwamba waliolazwa hospitali walikuwa 5 na hakuna aliyeripotiwa kufa.

Nimpe msomaji hesabu ndogo ya kubuni aifanye mwenyewe. Tuchukue kitongoji cha watu 1,000, ambao 900 wamechanjwa na 100 hawakuchanjwa, na chanjo yao ina ufanisi wa matumizi wa asilimia 80. Maradhi yakija na kumpata nusu ya kila asiye na kinga, wataugua 50 katika wale 100. Katika wale 900, bila chanjo wangeugua 450. Chanjo ikiwaondolea sehemu 80 katika 100 za hao, watabaki wagonjwa 90. Mwandishi atakayefika kitongojini ataandika kwamba katika wagonjwa 140, 90 walikuwa wamechanjwa, na kila neno lake litakuwa kweli; ila hatawaona wale 360 waliosalimika, kwa kuwa mtu asiyeugua hapangi foleni zahanati. Kadiri wachanjwao wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo wanavyozidi kuonekana miongoni mwa wagonjwa, hata kama chanjo inafanya kazi yake barabara.

Hapa ndipo istilahi ya pili inapoungana na ya kwanza, nayo ni kusitasita. Wataalamu waliokusanywa na Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kusitasita ni kuchelewa kuikubali chanjo au kuikataa ilhali huduma yake ipo, na mwaka 2019, kabla korona haijajulikana, Shirika hilo lilikutaja miongoni mwa mambo kumi yanayotishia afya ya ulimwengu. Tafsiri yetu naiona nzuri, kwa kuwa kusita ni kusimama pasipo kugeuka, na asitaye bado yumo njiani. Naye hastahili kuitwa mpinga chanjo, jina ambalo wengi walimpa kwa haraka kila aliyeuliza swali. Anayepinga amekwisha kata shauri. Anayesita anangoja kuambiwa jambo analoweza kuliamini na mtu anayeweza kumwamini.

Na zipo nyakati ambapo kusita kulikuwa na sababu zake. Mwezi Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliwaeleza Watanzania mashaka yake juu ya chanjo; tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku chache baada ya kuwasili dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson. Katika muda wa miezi sita raia mmoja alisikia kutoka kiti kimoja maneno mawili yasiyopatana. Kama alisimama akafikiri, sioni wa kumlaumu.

Huko Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, chanjo ya Ebola ilitolewa tangu mwaka 2018 kwa waliomgusa mgonjwa na kwa waliowagusa hao, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Juni 2020. Hata hivyo, uchaguzi wa nchi ulipofika Desemba 2018 wakazi wa miji hiyo miwili waliambiwa kwamba kura yao imeahirishwa hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, na rais mpya aliapishwa Januari bila wao kupiga kura. Walioona kanisa na soko viko wazi na kituo cha kura kimefungwa walidhani kwamba maradhi ni hila ya siasa, na dhana hiyo iliwakuta wahudumu wa chanjo milangoni, wao ambao hawakuahirisha kura ya mtu. Hakuna asilimia ya ufanisi iwezayo kuujibu uchungu wa namna hiyo.

Kusita kwingine ni kwepesi zaidi, na ni kwa kibinadamu. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka katika pwani ya Banadir nchini Somalia, alifanya kazi mahali ambapo chanjo ya ndui ilikuwa karibu naye, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 alipanda gari na wagonjwa wawili wa ndui kuwaonyesha njia, safari ya dakika chache, akaambukizwa. Akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida ya maambukizo. Baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari yake mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2013.

Nawaomba wahariri, wafasiri na watangazaji wa lugha hii, kila watajapo ufanisi wa asilimia fulani, waongeze mambo matatu: ni dhidi ya nini, kuambukizwa, kuugua, kulazwa au kufa, ni kwa watu gani na wa mahali gani, na ni ufanisi wa majaribio au wa matumizi. Maelezo hayo hayazidi mistari miwili ya gazeti.