Rangi za Maji katika Nchi ya Uzaramo

Msharika wa kata ya Pangani huko Kibaha (si Pangani ile ya Tanga) huenda akashangaa kusikia kwamba historia ya nchi yake inagusana na picha za mashamba ya Uingereza. Katika makala hii fupi tunapenda kueleza mguso huo, na funzo lake kwa waandishi wa historia ya Kanisa.

Mwaka 1804 wachoraji wa rangi za maji waliunda chama chao mjini London. Wasanii wa kizazi hicho, kama Turner, waliwazoeza Waingereza kuyapenda mabonde, mito na ukungu. Lakini katika picha nyingi za namna hiyo mandhari hujaza karatasi, na mkulima huwa pambo dogo tu. Kwa kuwa rangi hizo hubebeka kwa urahisi na kukauka upesi, ziliwafaa pia maofisa wa jeshi na wasafiri.

Mmojawapo alikuwa James Augustus Grant, Mskoti, mwana wa mchungaji wa Nairn. Mwaka 1860 yeye na John Hanning Speke walitoka Bagamoyo, wakaipita Uzaramo wakifuata bonde la Mto Kingani, yaani Ruvu. Michoro yake ya safari hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Wasomaji wa wakati ule, hata hivyo, waliona nakala zilizochongwa upya kwa ajili ya kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Kwa hiyo waliitazama nchi hii kwa macho ya watu wengine wawili: mchoraji na mchongaji.

Yafaa tukumbuke jambo moja. Speke mwenyewe aeleza jinsi wakuu wa Uzaramo walivyowadai hongo kabla ya kuwaruhusu kupita. Penye hongo pana mwenyeji, pana mipaka, pana utawala. Nchi hiyo haikuwa mandhari tupu.

Sisi nasi twaweza kukosea vivyo hivyo. Tukianza historia ya usharika kwenye mwaka 1892, misheni ilipofunguliwa Kisarawe, twawachora Wazaramo kama pambo dogo katika picha ya wamisionari. Mwanzo 2:15 yatufundisha kwamba bustani ilikabidhiwa mtu ailime na kuitunza. Basi mwanafunzi wa historia na aanze kwa kuuliza: ni nani aliyekuwa akiilima nchi hii?