Ukatili Usio na Mkosaji: Wahudumu wa Makao ya Wazee nchini Kanada

Mhudumu wa makao ya wazee anapopigwa akiwa kazini, mjadala huishia kwa watu wawili: mzee aliyerusha ngumi na mhudumu anayedaiwa kushindwa kumtuliza. Makala hii inadai kuwa chanzo kikuu ni mpangilio wa kazi uliowakutanisha wawili hao katika mazingira ya haraka na upweke.

Ushahidi mzito unatoka Kanada. Mtafiti Albert Banerjee na wenzake waliwalinganisha wahudumu wa majimbo ya Ontario, Manitoba na Nova Scotia na wenzao wa Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi. Asilimia 43 ya wahudumu wa Kanada walieleza kwamba hukumbana na ukatili wa kimwili karibu kila siku, takriban mara sita ya kiwango cha nchi hizo za Ulaya. Dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, ipo pande zote mbili. Tofauti kubwa iko katika idadi ya wahudumu, muda na msaada wanaoupata.

Zamu ya asubuhi inaonyesha jinsi hali hiyo inavyozaa kipigo. Mhudumu ana wazee kadhaa wa kuwaamsha, kuwaogesha na kuwavisha kabla ya kifungua kinywa. Mzee aliyepoteza kumbukumbu humwona mtu baki anayemvua nguo, naye hujitetea: hupinda vidole, huuma, huvuta nywele. Mhudumu mwenye nafasi angesubiri kidogo au kumwita mwenzake. Asiye nayo huendelea, na mikwaruzo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Fomu ya taarifa ikimuuliza tu alifanya nini kabla ya kupigwa, mwathirika hugeuka mshtakiwa. Wengi huona heri kunyamaza, wakiwemo wahamiaji ambao familia zao huko nyumbani zinategemea zamu hizo.

Wapo watakaohoji: mzee asiyejua atendalo ataitwaje mkatili? Hoja hiyo inamwondolea mzee lawama, lakini haimwondolei mwajiri wajibu. Marekebisho ya sheria ya usalama kazini ya Ontario yaliyoanza kutumika mwaka 2010 hutazama nguvu iliyotumika na madhara yanayoweza kutokea, tena yanamtaka mwajiri atathmini hatari mapema. Mtafiti wa amani Johan Galtung naye, mwaka 1969, alikwisha kuonyesha kwamba ukatili wa kimfumo hauhitaji mtu mwenye nia mbaya.

Hata hivyo, tathmini isiyogusa idadi ya wahudumu hubaki kwenye makaratasi. Sheria ya Ontario ya mwaka 2021 iliweka lengo la wastani wa saa 4 za huduma ya moja kwa moja kwa kila mzee kwa siku. Lengo hilo lisomwe pia kama kanuni ya usalama kazini. Kumpa mhudumu semina ya uvumilivu, kisha kumrudisha peke yake katika korido ileile, ni kumlipisha kwa mwili wake pengo la bajeti.