Kabla ya jini mahaba kuingia kwenye simu

Mwaka 2027 mwandishi Mtoro bin Mwinyi Bakari atatimiza miaka 100 tangu afariki Berlin, na ni wachache Bagamoyo watakaojua wanamkumbuka nani. Lakini hao hao wanajua visa vya jini mahaba: mrembo wa mjini, mume asiyeonekana mchana, wivu, mganga. Kwenye simu riwaya hizo hutoka kwa sehemu, na kila sehemu hukatwa pale pale pa utamu. Zamani zilikuwa kwenye magazeti pendwa. Shaaban Robert naye alimleta jini katika Adili na Nduguze, mwaka 1952.

Mtoro, mzaliwa wa Dunda, upande wa Bagamoyo, aliwatangulia wote hao. Katika kitabu chake Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, hadithi ya mapenzi haimo. Mambo ya pepo yamo, yameelezwa na mtu aliyeyajua kwao: mgonjwa anafukizwa, ngoma inapigwa, pepo anapanda kichwani na kusema anachotaka. Waandishi wetu wa leo wangekisoma wangeacha kuokoteza majini ya sinema za nje. Jalada la kitabu hicho lilimtaja msomi Mjerumani, Dk. Carl Velten, kuwa ndiye mkusanyaji, ingawa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro.

Mapenzi yake mwenyewe ndiyo riwaya. Mwanahistoria Ludger Wimmelbücker, ambaye kitabu chake kuhusu Mtoro kilitolewa mwaka 2009, anamfuata hadi Berlin, alikokwenda mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja kwao kwa mume. Wakuu wa koloni la Wajerumani walikuwa tayari kumpokea Mtoro, lakini si kama mume wa mzungu. Mkewe akazuiwa kuingia. Mwislamu wa Bagamoyo, msomi waliyemtafuta wenyewe awafundishie maofisa wao, akarudishwa Ulaya na mkewe kwa kosa la kuoa. Jini mahaba hajawahi kuwekewa vikwazo kama hivyo.

Akafundisha Hamburg, akazunguka akitoa mihadhara, akafa Berlin mwaka 1927. Kwao Bagamoyo hakurudi kuishi tena.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen na kuchapishwa California mwaka 1981. Ni aibu kwamba msomaji wa Dunda hupata tafsiri kwa urahisi kuliko maneno ya babu yake. Wachapishaji wetu, miaka 100 imekaribia: kitoeni upya kwa Kiswahili, na safari hii jina la Mtoro likae juu.