Umri wa Mchoraji, Umri wa Mhusika

Benito Jacovitti, mzaliwa wa Termoli, Italia, mwaka 1923, alianza kuwachekesha watoto katika jarida la Kikatoliki la Il Vittorioso mwaka 1940. Alifariki mwaka 1997. Katikati alichora Pinocchio zaidi ya mara moja, akapamba shajara za wanafunzi, na mwaka 1957 akamzua Cocco Bill, kauboi mwepesi wa bastola anayeagiza chai ya kamomili baa. Kurasa zake hazina nafasi tupu: hata ardhini hutapakaa soseji na miiba ya samaki.

Mchoraji wa Tanzania Philip Ndunguru hakujaliwa miaka mingi kama hiyo. Alifariki mwaka 1986, angali kijana, akiwa amewaachia wasomaji wa jarida la Sani wahusika kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Cocco Bill huishi katika Marekani ya kubuni. Lodi Lofa ni mtu wa mjini unayeweza kumkuta kituo cha basi. Jacovitti alichorea zaidi majarida yaliyotengwa kwa ajili ya watoto. Sani lilinunuliwa na wakubwa, watoto wakalidowea.

Hata hivyo, kina Lodi Lofa hawakuzikwa na Ndunguru. Wachoraji wengine waliwapokea, vichekesho vikaendelea. Cocco Bill naye alipata mkono mwingine, wa Luca Salvagno, lakini kwa Waitaliano amebaki wa Jacovitti. Huku kwetu wengi wanamjua Ndumilakuwili bila kumjua aliyemzaa.

Msomaji wa Mbulu au Hanang hatalishangaa hilo.  W. D. Kamera alipochapisha ngano za Wairaqw wa huko mwaka 1976, alikusanya mali isiyo na mtunzi mmoja: ngano ni ya ukoo mzima, sifa ya msimulizi ni namna anavyoisimulia. Sani lilisimama kati ya desturi mbili, ya mtunzi mmoja na ya ngano, kwani jina la mchoraji lilichapwa, ila mhusika alirithiwa kama ngano.

Kila desturi ina gharama yake. Ya Italia hutuwezesha kuufuata mkono mmoja tangu ujana hadi uzee, lakini mkono huo ukikoma, pengo halizibiki. Ya kwetu humpa mhusika maisha marefu, lakini humsahau fundi. Kwa Jacovitti tunahesabu wahusika wangapi walitoka katika mkono mmoja. Kwa Lodi Lofa, mhusika mmoja amepita mikono mingapi. Ndunguru anastahili hesabu zote mbili.