Paundi 25 za Mulago

Katika masimulizi ya utafiti wa saratani, kisa kimoja cha Uganda hupendwa mno: ya kwamba Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alianza uchunguzi uliompa sifa duniani kwa msaada wa paundi 25 tu, yaani shilingi 500 za siku zile. Kisa ni cha kweli, lakini aghalabu husimuliwa kwa namna ya kupotosha. Msikilizaji huondoka akidhani kuwa mtaalamu hodari hahitaji ila bidii na gharama ya stempu. Na wapo washika mifuko ya fedha ambao wangependa sana dhana hiyo ienee.

Mwaka 1957 Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa amepata kuona uvimbe wa namna ile. Haukupita muda mrefu akaona huko Jinja mtoto mwingine mwenye dalili zizo hizo, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Zile paundi 25 zilitumika kupiga chapa vikaratasi vyenye picha na maswali, vikapelekwa kwa posta kwa madaktari wa hospitali nyingi za Afrika, na majibu yalipofika yakatiwa katika ramani.

Lakini yapasa kutazama mambo yaliyokuwa nje ya hesabu hiyo. Tangu mwaka 1951 palikuwapo Kampala daftari la wagonjwa wa saratani, lililoanzishwa na Profesa J. N. P. Davies wa Makerere. Palikuwapo maabara ya kuchunguza vipande vya uvimbe. Katika hospitali ya Mengo kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zimewekwa tangu 1897, na Davies na wenzake walipozichambua, wakatangaza matokeo mwaka 1964, ilionekana kuwa uvimbe huo haukuwa mgeni nchini. Mwenye kuandika jina na maradhi ya mgonjwa mwaka 1897 hakujua kuwa anamsaidia mtafiti yeyote. Kazi ya namna hiyo haionekani katika hesabu ya msaada wowote, na bila yake swali la Burkitt lisingalipata jibu.

Oktoba 1961 Burkitt alitoka Kampala pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson katika motakaa kuukuu iliyonunuliwa kwa paundi 250. Kwa majuma 10 walikwenda kama maili 10,000, hata Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali 57. Wakaona kuwa ugonjwa ule hupatikana penye joto na mvua, na huadimika katika nyanda za juu zenye baridi.

Mwezi Machi mwaka huo huo Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubu London, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe. Basi vikawa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege mojawapo, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yametibuka. Wengine wangalikitupa, Epstein alitazama akaona seli hai zikielea. Ndizo zilizooteshwa, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake kwa darubini ya elektroni. Darubini hiyo, kwa hakika, haikununuliwa kwa paundi 25.

Fedha kubwa zilifika Mulago mwaka 1967, Makerere iliposhirikiana na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani kufungua kituo cha kutibu uvimbe huo, chini ya John Ziegler. Watoto waliotibiwa kwa dawa walipona, wengi kuliko ilivyotazamiwa. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Wamarekani wakaondoka, fedha zao zikakoma, na uongozi ukashikwa mwaka 1972 na Charles Olweny, Mganda. Hapa ndipo wasimulizi wa paundi 25 hunyamaza, ingawa hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Majengo yalichakaa, dawa zikaadimika, wodi haikufungwa. Wagonjwa waliendelea kuja, na wauguzi na madaktari waliobaki waliendelea kuwapokea.

Watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle walipoanza ushirikiano mwaka 2004, walikuta taasisi iliyo hai, lakini yenye wataalamu wachache mno: kwa miaka kadhaa Jackson Orem alikuwa daktari pekee wa tiba ya saratani katika Uganda nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kwanza ilikuwa kuwasomesha Waganda, kabla ya kuinua kuta. Jengo lilifunguliwa Mei 2015, lina kliniki, maabara, vyumba vya mafunzo, na mahali pa kuhifadhi vipande vya uvimbe, visingoje ndege ya kwenda London.